Mafi Kabila

Kauli niliyoisikia mwezi uliopita mjini Riyadh, katika sebule ya ghorofa moja karibu na Olaya, siwezi kuiacha ipite bila kuisahihisha. Nilikuwa nimekwenda kumtembelea binti yangu anayefanya kazi ya ofisi huko, na siku yake ya mapumziko tukapanda metro kwenda kwenye matanga ya rafiki yangu Emeka, fundi wa viyoyozi, Mnigeria wa kabila la Igbo, aliyekuwa amefariki nyumbani kwao wiki chache nyuma. Wanigeria wenzake walikuwa wamepika wali mwekundu wa pilipili na samaki wa kukaanga, wameiweka picha yake juu ya kabati la televisheni, na kila aliyetaka alipewa nafasi ya kumtaja marehemu. Kijana mmoja mhasibu, ambaye hakuwahi kumwona Emeka ila kwa kusimuliwa, alisimama na sahani mkononi akasema, kwa furaha ya mtu anayetoa kichekesho, kwamba huyu ndiye yule Mwigbo aliyeharibu posa ya Mhausa kule Jeddah kwa chuki tupu ya kabila. Watu wakacheka. Wengine wakatikisa vichwa, kana kwamba habari hiyo ilithibitisha jambo walilolijua tangu zamani. Nilishtuka hata binti yangu akaniondolea kikombe cha chai kabla sijakimwaga. Nilisimama nikasema kwamba habari hiyo si kweli, na kijana akanijibu kwa adabu, "Baba, ni utani tu. Keti ule." Basi niliketi, lakini sikula. Katika sebule ile yote hakuna mwingine aliyekuwapo siku yenyewe. Mimi nilikuwapo.

Wengi huandika juu ya mwaka mmoja wa ujana wao. Mwaka ulionitikisa mimi ulinikuta nimekwisha kuitumikia serikali yangu kwa muda mrefu kama afisa tawala nchini Kenya, nimestaafu mapema, nywele zimeanza mvi, na ninaamini kwamba siasa haina tena jambo la kunishangaza. Kampuni moja ya ukarabati wa majengo iliniajiri Saudia niwe msimamizi wa makazi ya wafanyakazi. Miezi ya kwanza nilikaa Riyadh, katika nyumba ya walinzi Wakenya waliolinda ofisi za Olaya. Nyumbani kwetu ulikuwa wakati wa kampeni, lakini katika nyumba ile ungedhani hakuna uchaguzi. Hakuna aliyetaja jina la mgombea. Walinzi wa upande mmoja walipika ugali wao mapema, wa upande wa pili wakapika baadaye, na kila mtu alisikiliza redio ya lugha yake kwa vipokea sauti vya masikioni. Mtu akiingia jikoni, waliokuwa wakizungumza walinyamaza, kisha mmoja akauliza habari ya jua. Niliisifu hali hiyo katika taarifa zangu kwa kampuni. Niliiita utulivu, na niliamini ninaandika ukweli. Leo nikikumbuka jinsi sahani zilivyooshwa kwa zamu mbili ili watu wasikutane kwenye sinki, naona baridi.

Kisha nikahamishiwa Jeddah, kwenye nyumba ya kampuni mtaa wa Ghulail, ambamo wapangaji karibu wote walikuwa Wanigeria. Ilikuwa nyumba ya zamani yenye ngazi nyembamba, choo kimoja, na sebule ndefu iliyotandikwa zulia jekundu na mito ukutani, pasipo kiti hata kimoja. Jioni ya kwanza Tunde, mtunza stoo, Myoruba mwenye kifua kipana na sauti ya kipaza sauti, aliniaga kwa Kiingereza kwamba anashuka dukani kununua gari. Nilimsimamisha mlangoni, nikamwuliza kama kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, anayo habari, na kama leseni yake ingali hai. Alinitazama, akawatazama wenzake, kisha nyumba nzima ikaanguka kwa kicheko. Gari, kwao, ni unga wa muhogo uliokaangwa. Aliupata kwa mfuko, akausonga kwa maji ya moto, nikaula pamoja nao kwa mchuzi wa bamia uliokuwa na pilipili ya kumtoa mtu machozi. Tangu siku hiyo Tunde aliniita Baba Kenya, na kila mara alipotaka kushuka dukani aliniomba kibali kwa maandishi.

Lakini mshtuko halisi ulikuja baada ya kula. Sinia ilipoondolewa, walianza kugombana kwa namna ambayo, kwa mazoea ya kazi yangu, ningeita polisi. Emeka alidai kwamba Nigeria haiwezi kutawalika kwa sababu kila nyumba imechimba kisima chake, imenunua jenereta yake na kuajiri mlinzi wake. "Kila mtu ni serikali kamili nyuma ya ukuta wake!" alipiga kelele. "Sasa tunapiga kura tumchague nani, na wa kazi gani?" Tunde akamjibu, "Kama wewe ni serikali, basi imekwisha kuiba. Nyama yangu ya kwenye sufuria iko wapi, Mheshimiwa Rais?" Wakahamia kwenye hoja ya urais wa zamu, mara kaskazini, mara kusini. Hapo ndipo alipofungua kinywa Sani, dereva, Mhausa wa Kano, mtu mpole aliyekuwa akikunja kanzu zake kama karatasi za ofisi. "Zamu ni ya watu wanaosubiri choo," alisema, na kwa kuwa nyumba ilikuwa na choo kimoja, hata Tunde alimpigia makofi. Walitajana makabila kwa sauti, Mhausa hivi, Mwigbo vile, Myoruba ndiye mwenye maneno mengi kuliko vitendo, maneno ambayo katika nyumba ya Olaya yangemwaga damu. Nilikaa kwenye kona nikipima umbali wa mlango. Halafu mmoja akaleta chai, wakamegeana mkate, na yule aliyetukanwa zaidi ndiye aliyepewa kipande kikubwa.

Walinifanya Spika kwa sababu sikuwa upande wowote. Aliyeshika rimoti ya televisheni ndiye aliyekuwa na haki ya kusema, na kazi yangu ilikuwa kumnyang'anya aliyezidisha. Nilijifunza mengi kutoka kwenye kona ile. Nakumbuka usiku wa hoja ya magoti, Tunde aliposhikilia kwamba mke asiyepiga magoti asubuhi kumsalimu mumewe ameigeuza nyumba kuwa hoteli. Emeka akamwambia, "Oga, bwana mkubwa, wewe kutwa nzima unamnyenyekea kafili. Ukirudi jioni, magoti yenyewe ya kusimamia yako wapi?" Sani alicheka mpaka akajifuta macho, kisha akasema kwa utaratibu wake, "Mimi wangu akija, asimame tu apendavyo. Mradi aje." Sote tulijua anamsema nani. Alikuwa amepeleka posa kwa Hafsa, binti wa Baba Jibril, mwenye duka la nafaka na viungo hatua chache kutoka kwetu. Mzee huyo alizaliwa Jeddah, lakini babu yake alitoka Kano kwa miguu kuja kuhiji, asirudi tena. Sani hakuwa na ndugu Saudia. Aliyoyatarajia kwa maisha yake yote yalikuwa yamewekwa kwenye ndiyo au hapana ya mzee yule, na kila jioni alirudi akiwa na sababu mpya ya kwenda kununua mdalasini.

Wiki moja hoja ikawa kabila lenyewe. Ilianzishwa na Tunde, ambaye alizaliwa na kukulia Kaduna, kaskazini kwa Wahausa, anaota ndoto kwa lugha za huko, lakini karatasi zake zote zinamwita mtu wa jimbo ambalo amelala usiku mmoja tu, siku ya mazishi ya babu yake. "Nchi yangu haiulizi nilizaliwa wapi," alisema kwa uchungu ambao sikuwahi kuuona kwake. "Inauliza babu yangu kazikwa wapi." Emeka alisimama. Katika mwaka ule mzima sikuwahi kumsikia akijibu swali la kabila. Jina lilimtambulisha, lakini akiulizwa alisema, "Mnigeria, nukta," na kugeuka. Usiku ule alisema kwa muda mrefu, nami sikumnyang'anya rimoti. Akatoa hoja kwamba kuanzia siku hiyo, ndani ya nyumba ile, hakuna mtu mwenye kabila. Atakayemwuliza mwenzake ataosha vyombo vya wote. Mikono ikainuliwa yote, wa Sani ukiwa wa kwanza. Nilitangaza kwamba hoja imepita. Kwetu Kenya ukabila ni dhambi inayokemewa kwenye hotuba na kutendwa jikoni. Hawa walikuwa wameutoa hadharani, wakaupigia kura.

Wiki hiyo hiyo, baada ya sala ya alasiri, Baba Jibril alikuja bila taarifa. Ndiyo desturi: mzee huja kumchunguza mposaji kwa watu wanaoishi naye, wakati yeye mwenyewe hayupo. Sani alikuwa kazini, amempeleka bosi wake mtaa wa Al-Safa. Tulimketisha mzee kwenye mito, Tunde akaleta kahawa na tende, na nyumba nzima ikapanga mstari ukutani kama watoto wa shule. Mzee alizungumza Kiingereza alichojifunza kwa mahujaji, kilichochanganyika na Kiarabu. Aliniuliza mimi kwanza, kwa umri wangu. Je, anaswali? Anaswali. Anakasirika upesi? Sijamwona akikasirika. Anaendeshaje gari? Kama amebeba mayai. Mzee akatabasamu, akapokea kikombe cha pili, na Tunde akanikonyeza. Kisha akauliza, kama mtu anayemaliza kazi, "Na kabila? Kabila gani?"

Neno hilo wote walilifahamu. Emeka akainuka. Uso wake uling'aa. Alitaka kumheshimu mzee kwa Kiarabu, na Kiarabu chake chote kilikuwa cha kazini. "Sani?" alisema, mkono kifuani. "Baba, Sani mafi kabila! Mafi, mafi! Kullu hina mafi kabila, halas!" Yaani, Sani hana kabila, sote hapa hatuna, imekwisha. Wenzake wakapiga makofi. Mimi pia nilifurahi, kwa sababu kwa Kiswahili changu hakuna sifa kubwa kuliko hiyo. Baba Jibril alikitazama kikombe chake. Akakiweka sakafuni kikiwa kimejaa. Akasimama bila msaada, akavaa viatu, akashuka ngazi, na sisi tukabaki tukisikiliza hatua zake, makofi yakiwa hayajakauka mikononi.

Sani aliporudi tulimsimulia kwa furaha iliyoanza kuingiwa na shaka. Aliuegemea mlango. "Mmesema hivyo? Mbele ya watu?" Akaketi palepale kwenye viatu. "Mmeniua," alisema taratibu. "Hapa mtu asiye na kabila ni mtu aliyeokotwa. Hajulikani baba yake. Na yule mzee, tangu akiwa shuleni, watoto wa mji huu walikuwa wakimwita hivyo kwa sababu ya rangi yake. Hilo ndilo neno mlilomtafutia." Kabla sijapata la kusema, Tunde aliruka kutoka kwenye mto wake. "Nilijua!" alifoka, akimwonyesha Emeka kidole. "Mwigbo hamsamehe Mhausa! Anatabasamu, anakula naye, anangoja siku. Umeingoja leo!" Na wengine, watu wale wale walioinua mikono, wakaitikia. Nilipiga kelele za utaratibu kama Spika, na hakuna aliyenisikia. Habari iliyonifikia mwezi uliopita kule Riyadh ilizaliwa dakika ile, kinywani mwa Tunde, ikatoka nje ya mlango ule ikiwa nusu, na imesafiri ikiwa nusu mpaka leo. Tunde alikwisha kwenda zake Kanada.

Kilichonishtua zaidi ni kwamba Emeka hakujibu. Mtu ambaye hakuwahi kukubali hata bei ya nyanya bila ubishi alisimama katikati ya zulia, mikono imening'inia, akiacha atukanwe. Walipochoka, alichuchumaa mbele ya Sani. "Malam," alisema, kwa cheo cha heshima cha Kihausa, "baba yako anaitwa nani?"

"Unataka nini tena kwangu, Emeka?"

"Jina la baba yako."

"Garba."

"Na aliyemzaa Garba?"

"Bello. Mtia rangi nguo, kwa nili, Kano. Na baba yake, Yakubu, alikuwa mtia rangi."

"Endelea," Emeka alisema. "Polepole. Nirudie nyuma yako."

Kesho yake tulikwenda dukani, yeye na mimi, kwa gari la kampuni kwa sababu alikuwa na mashine ya kiyoyozi ya kufikisha kwa mteja. Baba Jibril alikuwa akipima pilipili kavu. Hakutukaribisha kuketi. Emeka alisimama kati ya magunia, akavua kofia yake ya kazi, akaanza: Sani mwana wa Garba, mwana wa Bello, mwana wa Yakubu, akapanda ngazi ya majina hadi mwisho wake, pamoja na kazi ya kila mmoja na msikiti aliozikwa jirani nao. Hakukosea hata jina moja. Mteja aliyekuwa akipimiwa aliusahau mfuko wake. "Jana mlisema hana," mzee alisema.

"Jana nilikuwa nikimsifu, Baba."

Niliingilia, kwa kuwa ilinipasa, nikaeleza kwamba hata kwetu kumwambia mtu hana kabila ni kumpa heshima. Mzee alitutazama mmoja baada ya mwingine. "Ni nchi gani hizo," aliuliza, "ambazo mtu husifiwa kwa kukosa baba?" Jibu nimelitafuta tangu siku ile. Kisha akamgeukia Emeka. "Na wewe, uliyebeba mababu wa mwenzako kifuani. Wewe kabila gani?"

Nilisubiri ile nukta yake. Badala yake Emeka alifungua kinywa akasema Kihausa. Si maneno mawili ya sokoni. Alikisema kwa upole na wepesi, kama mtu anayezungumza na mzazi wake. Nilikuwa nimeishi naye karibu mwaka mzima, nikamwona akila sinia moja na Sani kila siku, wala sikujua kwamba anakijua. Sani mwenyewe hakujua. Alisema sentensi chache tu. Baba Jibril alishusha mizani, akaketi juu ya gunia, akamtaja Mungu kwa sauti ya chini. Hatimaye alinigeukia mimi na kusema kwa Kiingereza, "Mwambie kijana aje Ijumaa. Na huyu asikose." Ndoa ilifungwa kabla ya Ramadhani. Emeka na mimi, kwa kuwa ni Wakristo, hatukuwa mashahidi wa akidi, lakini tulikula karamu tukiwa tumeketishwa upande wa watu wa bwana harusi. Sani na Hafsa wapo Jeddah hadi leo na watoto wao, na anayetilia shaka maneno yangu anajua pa kuwatafuta.

Lakini siku ile ya dukani hatukurudi nyumbani moja kwa moja. Ndani ya gari nilimwuliza alimwambia nini mzee. Alipunguza kiyoyozi, akakiongeza tena.

"Nimemjibu swali lake," alisema. "Baba yangu alikuwa fundi cherehani Kano, akiwashonea Wahausa kanzu. Mimi nilizaliwa baadaye, kusini, lakini nyumbani alitusemesha Kihausa mpaka alipokufa. Akikasirika hakuwa na lugha nyingine. Mwaka wa sitini na sita, vurugu za kuwaua Waigbo zilipoanza huko, watu walikuwa wakipita mlango kwa mlango katika mtaa wa wageni, wakiuliza swali moja tu. Kaka yake ndiye aliyekwenda kufungua. Alikuwa mtu mkweli. Akajibu."

"Na baba yako?" niliuliza.

"Alikuwa nyuma. Mteja wake alimfunika kwa marobota ya vitambaa, akakaa juu yake, akawaambia chumba hakina mtu. Mhausa. Baba alitukaririsha jina lake, na la baba yake, na la babu yake, kila jioni kabla ya chakula. Hayo ndiyo niliyomwambia mzee."

Nilimwambia, pengine kwa sauti ya ofisi ambayo sikuwahi kuiacha, kwamba ni haki yake jambo hili lijulikane. Kwamba jioni hiyo hiyo nitawakusanya wote sebuleni, niwaeleze, na Tunde amwombe radhi mbele ya kila mtu. Aligeuka akanishika mkono kwa nguvu, gari likiwa limesimama kwenye taa, madereva wa nyuma wakitupigia honi.

"Usithubutu, Spika. Nikiwa hai usiwaambie. Watanihurumia. Kesho nitasema mafuta yapandishwe bei, na hakuna hata mmoja atakayenitukana. Sasa mimi nitaishije katika nyumba ile?"